Wanaponena kwa lugha wao, sisi tunaelewa tunachokisema?

 

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kulikuta katika safu hii jambo ninalotaka tulizungumze leo. Ni kunena kwa lugha. Naam, kule kule kwa walokole, ambako vijana wetu wakikusikia kwenye vipaza sauti vya jirani usiku wa mkesha, kesho yake hukuigiza barazani mpaka watu wakashika mbavu.

Sababu ya kulileta ni hii. Shuleni ninapofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, walimu wa dini zote tunakaa meza moja saa nne, wakati wa chai. Siku moja meza ile ilichafuka. Walimu wanne, wote Wakristo, walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini ile ya watu wanaoheshimiana lakini kila mmoja ameumia. Mmoja ni mama mtu mzima, Mlutheri. Wa pili ni kijana wa kanisa la Kipentekoste. Wa tatu ni Msabato, mtu wa mahesabu. Wa nne ni mzee wa Kikatoliki anayefundisha Historia na ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu.

Chanzo ni binti wa yule mama. Yuko kidato cha tano, shule ya bweni, amerudi likizo akiwa hana raha. Kwenye maombi ya wanafunzi wenzake aliwekewa mikono ili ajazwe Roho Mtakatifu. Akaambiwa arudierudie neno moja, haraka haraka, mpaka ulimi ulegee na lugha ije yenyewe. Wenzake wote walinena. Yeye hakunena. Wakamrudia siku ya pili na ya tatu, hakunena. Mwisho akaambiwa kuna dhambi ameificha. Binti amefika nyumbani anamuuliza mama yake: kwani Mungu hanitaki?

Kijana wa Kipentekoste hakufurahishwa na habari ile, nimshuhudilie haki, na alisema wazi kuwa kumlazimisha mtu si sawa. Lakini hakuacha msimamo wake: katika Matendo ya Mitume, sura ya 2, ya 10 na ya 19, watu waliposhukiwa na Roho walinena kwa lugha, basi hiyo ndiyo alama. Mama akamjibu kwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, pale Paulo anapouliza kama wote wananena kwa lugha, swali ambalo jibu lake ni hapana. Msabato akasema zile za Pentekoste zilikuwa lugha za kweli za mataifa, zilizotolewa ili watu wahubiriwe, na kisichoeleweka na mtu yeyote kisiitwe lugha. Mzee Mkatoliki akasema kwao wapo Wakarismatiki wanaonena na wapo wasionena, na paroko anawakomunisha wote. Kisha akanigeukia mimi: "Ustadhi, wewe huna kanisa. Tuamulie."

Nakiri hapa mbele yenu kwamba majibu nilikuwa nayo mfukoni. Nimekulia katika mihadhara. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nabeba vitabu vya wahadhiri na najua kila aya ya Biblia inayoshangiliwa kwa takbira. Kwenye jambo hili silaha yetu kubwa ni Marko 16, aya ya 17 na 18, ambapo mmetajwa kusema kwa lugha mpya pamoja na kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Mhadhiri husoma, kisha huinua chupa ya sumu ya panya na kuuliza nani hapa ni muumini aje anywe. Uwanja unalipuka.

Siku ile sikuitoa silaha hiyo. Nilimtazama yule mama, nikamfikiria bintiye, nikaona haya. Nikawaambia kwamba jambo hili silijui vizuri, nipeni wiki nikasome. Wakacheka, maana hawajazoea kumsikia ustadhi anasema hajui.

Nilichokisoma ndicho ninachotaka kukuleteeni, kwa sababu wengi wetu tunalizungumza jambo hili bila kulijua.

Kwanza, kuna mambo mawili yaliyopewa jina moja. Katika Matendo 2, Wayahudi waliokuja Jerusalem kutoka nchi mbalimbali, na Waarabu wametajwa humo humo kwa jina katika aya ya 11, kila mmoja aliwasikia wanafunzi wa Yesu kwa lugha yake mwenyewe. Habari ile ni ya watu kuelewa. Waliodhani wanafunzi wale wamelewa walijibiwa na Petro kwamba hata saa tatu ya mchana haijapita. Katika Korintho mambo ni kinyume: mtu ananena na hakuna anayemuelewa mpaka apatikane wa kufasiri. Paulo hakuikataza, na alidai yeye mwenyewe ananena kuliko wote, lakini aliiwekea kamba: wanene wawili au wasizidi watatu, kwa zamu, na kama hakuna mfasiri mtu anyamaze. Akasema heri maneno matano kwa akili yake kuliko elfu kumi kwa lugha. Na akaonya kuwa mgeni akiingia akawakuta wote wananena kwa pamoja atasema wana wazimu. Hayo yamo katika sura ya 14, na kwa kweli Mkristo anayesoma sura ile kwa utulivu hahitaji Mwislamu aje kumwambia lolote.

Pili, sura ya mambo tunayoyaona leo haina umri mkubwa. Karne nyingi zilipita makanisa makubwa yakiwa hayaishughulikii. Wapo wanazuoni wao, mfano Warfield wa Marekani aliyeandika kitabu mwaka 1918, waliofundisha kuwa karama hizo zilikwisha pamoja na mitume. Mabishano hayo hayajafa. Mwaka 2013 mhubiri John MacArthur aliitisha mkutano mzima huko California kuwapinga Wakarismatiki, nao wakamjibu kwa ukali ule ule.

Upentekoste wenyewe huhesabiwa kuanzia Topeka, jimbo la Kansas. Huko mwalimu Charles Parham aliwafundisha wanafunzi wake kuwa alama ya kujazwa Roho ni lugha, na tarehe 1 Januari 1901 mwanafunzi mmoja, Agnes Ozman, akasemekana amenena. Lakini aliyeueneza ni mtu mwingine kabisa: William Seymour, mtu mweusi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, mwenye jicho moja bovu. Alipotaka kusoma kwa Parham mjini Houston, kwa sheria za ubaguzi za Texas hakuruhusiwa kukaa darasani na Wazungu. Alikaa nje ya chumba, mlango umeachwa wazi kidogo, akasikiliza. Aprili 1906 alikuwa Los Angeles, katika jengo bovu la mtaa wa Azusa lililowahi kuwa kanisa na baadaye zizi. Humo weusi na weupe waliomba pamoja, jambo ambalo mjini kwao lilikuwa ajabu kuliko hata hizo lugha. Magazeti yaliwadhihaki. Sisi tunaoijua historia ya Bilal (RA) hatupaswi kuipita habari ya Seymour kwa kejeli.

Sasa hapa ndipo pana mazingatio. Watu wale wa mwanzo hawakuamini kuwa wananena sauti tu. Waliamini ni lugha za kweli, Kichina, Kihindi, na kwamba Mungu amewapa ili waende kuhubiri bila kupoteza miaka ya kujifunza. Wapo waliopanda meli kwa imani hiyo. Alfred Garr na mkewe walifika Calcutta mwanzoni mwa 1907 wakitarajia kusema na wenyeji kwa Kibengali walichodhani wamekirimiwa. Wenyeji hawakuelewa neno. Baada ya majaribio kama hayo mafundisho yakageuka polepole: ikawa ni lugha ya maombi, ya siri, baina ya mtu na Mungu wake. Waliobaki na sharti la alama waliliandika. Kanisa la Assemblies of God, lililoundwa Marekani mwaka 1914, liliweka katika tamko lake la imani la mwaka 1916 kwamba lugha ndiyo dalili ya mwanzo ya ubatizo wa Roho. Kwa wengine haikuwa hivyo. Wakatoliki, kwa mfano, waliipokea karama hiyo kuanzia wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Duquesne mwaka 1967, bila kuifanya sharti.

Hata jina la "mlokole" tunalolitumia kama tusi tunalikosea. Limetoka Uganda, balokole, yaani waliookoka, watu wa uamsho uliotikisa Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Wale wengi wao walikuwa Waanglikana, na alama yao ilikuwa kuungama dhambi hadharani na kurudisha mali za watu walizoiba. Lugha haikuwa sharti lao.

Wataalamu wa isimu nao wameingia. William Samarin wa Toronto alirekodi wanenaji wa nchi kadhaa, na mwaka 1972 akatoa kitabu. Alichokikuta ni kwamba sauti hizo zina mdundo na kiimbo cha lugha lakini hazina mpangilio unaobeba maana, na kwamba zinatokana na sauti ambazo mnenaji tayari anazijua kutokana na lugha zake. Lakini pia alisema, na hili wenzetu wa barazani walisikie, kwamba hao si wagonjwa wa akili. Ni watu wazima timamu wanaofanya jambo lenye uzito kwao.

Na ile Marko 16? Aya za 9 mpaka 20 hazimo katika nakala mbili za Kigiriki za karne ya nne, Sinaiticus na Vaticanus, na Biblia nyingi za leo zimeweka alama hapo kuonyesha hivyo. Haki ituongoze kusema pia kwamba Irenaeus, aliyeandika karne ya pili, alikwishaitaja sehemu ya aya hizo, kwa hiyo mjadala si mwepesi kama tunavyoufanya jukwaani. Mhadhiri anayewapa sumu watu wanywe kwa aya ambayo wenyewe wanaitilia shaka amewashinda nini? Allah (SW) katika Surat An-Nahl aya ya 125 ametuamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mema na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Katika Al-An'am aya ya 108 ametukataza kuwatukana wanaoombwa badala Yake, wasije watu wakamtukana Yeye kwa uadui na ujinga. Sikuona pahala pa chupa ya sumu ya panya.

Nilirudi mezani baada ya wiki. Sikuwaamulia. Ugomvi wao juu ya kitabu chao ni wao wenye kuumaliza, na mimi imani yangu kuhusu Isa bin Maryam (AS) na kuhusu Roho wanaijua, sikuificha. Lakini nilimwambia yule mama kisa kimoja. Usama bin Zayd (RA) vitani alimuua mtu baada ya mtu yule kutamka shahada. Alipoulizwa na Mtume (SAW) alijitetea kuwa mtu yule aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (SAW) akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Aliendelea kulikariri swali hilo mpaka Usama akatamani kuwa angesilimu siku ile ile. Kisa kimo katika Sahih Muslim. Nikamwambia mama: kwetu sisi hakuna mwanafunzi aliyepewa kisu cha kuupasua moyo wa binti yako atazame kilichomo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nikirudie ili akampelekee mwanawe.

Ndipo kijana wa Kipentekoste akaniuliza swali. Hakuliuliza kwa shari. Alisema: "Ustadhi, na yule mzee anayeswali nyuma ya imamu kila alfajiri, anajua imamu amesema nini?"

Nikamwambia wengine wanajua.

"Na wengine?"

Kengele ya kipindi ikalia, ikanisitiri.

Lakini swali lile, ndugu zangu, halikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Miaka michache nyuma, mwanafunzi wangu wa kike, Mwislamu, hodari wa kuhifadhi, alinifuata baada ya kipindi. Bwenini analala na wasichana wa maombi. Akasema: "Ustadhi, wao wanamwambia Mungu maneno wasiyoyaelewa na wanalia. Mimi nikiswali nasema maneno nisiyoyaelewa na wala silii. Tofauti yetu ni nini?" Nilimkemea. Nikamwambia asilinganishe Qur'ani na upuuzi, na kwamba Kiarabu ni lugha ya watu wa Peponi, maneno ambayo baadaye nilikuja kujua kuwa wanazuoni wa Hadithi wameikataa riwaya yake. Aliitikia "Sawa, Ustadhi," akaondoka. Mpaka anamaliza shule hakuniuliza tena swali lolote la dini. Sijui aliyapeleka wapi maswali yake. Hilo ndilo linaloniuma, maana maswali hayafi kwa kukemewa, hutafuta mlango mwingine.

Leo ningemjibu vingine. Ningeanza kwa kumwambia kuwa swali lake ni la haki, na kwamba tofauti ipo na ni kubwa. Maneno ya Al-Fatiha yana maana inayojulikana. Bibi wa Kilwa na profesa wa Cairo wanaweza kuulizwa na wakasema kitu kimoja. Yametafsiriwa, yamefasiriwa, yamo katika kamusi. Mtume (SAW) hakuja na sauti za fumbo. Surat Ibrahim aya ya 4 inatuambia kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Maneno yale mwanafunzi wangu asiyoyaelewa leo anaweza kuyaelewa kesho. Ujinga ni wake, na unatibika. Lugha ile ya bwenini maana yake haijulikani hata na mwenye ulimi, na kamusi yake haipo.

Kisha ningemwambia jambo la pili, na hili ndilo sisi walimu hatulisemi. Tofauti hiyo imo katika maneno. Haimo kwangu mimi ninayeyatamka kama kasuku. Nikikaa miaka arobaini nayarudia bila kutaka kuyajua, nimeitupa ile tofauti kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nakwenda barazani kumcheka jirani.

Msinifahamu vibaya. Simnyimi mtu thawabu. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi imetaja malipo ya kila herufi, na Bukhari na Muslim wamepokea kuwa anayesoma kwa taabu na kigugumizi ana ujira mara mbili. Bibi zetu waliosoma Yasin bila kujua maana Mola wao anawajua. Wala sisemi swala isaliwe kwa Kiswahili. Imam Abu Hanifa alipata kuruhusu kisomo cha Kiajemi, lakini wanafunzi wake wakubwa wawili waliifungia ruhusa hiyo kwa asiyeweza Kiarabu tu, na jamhuri ya wanazuoni hawakuikubali. Ninachosema ni kuhusu kuelewa. Katika Surat An-Nisaa aya ya 43, iliyoshuka kabla pombe haijaharamishwa moja kwa moja, waumini walikatazwa kuikaribia swala hali wamelewa mpaka wajue wanachokisema. Hebu tuitazame sababu iliyotajwa pale. Mlevi kazuiwa kwa kuwa hajui asemacho. Je, mimi niliye na akili zangu timamu na nisiyejua nisemacho, tena kwa hiari, nina udhuru gani mbele ya aya hii?

Maswahaba walikuwa na tabia nyingine. Abu Abdirrahman as-Sulami amesimulia kwamba waliowafundisha Qur'ani walikuwa wakijifunza aya kumi hawazivuki mpaka wajue yaliyomo katika elimu na amali. Imam Malik katika Muwatta ametaja kwamba Ibn Umar (RA) alikaa na Surat Al-Baqara miaka minane. Watoto wetu wanaimaliza kwa miezi, tunawafanyia sherehe, tunawavisha kanzu na shela, kisha ukimuuliza mmoja wao maana ya neno "nasta'in" analolisema si chini ya mara kumi na saba kwa siku, anatazama chini.

Na lugha zenyewe wamezipataje? Hapa namkumbuka yule Garr aliyefika Calcutta. Mtume (SAW) alipohitaji kuandikiana na Mayahudi hakumwekea mtu mikono. Alimwambia Zayd bin Thabit (RA) akajifunze maandishi yao, na Zayd, katika riwaya ya Tirmidhi, anasema haikupita nusu ya mwezi akawa amejifunza. Mtume wa Allah alikuwa na Jibril, na bado akamtuma kijana kusoma.

Nina neno moja la mwisho juu ya kucheka, na najua kuna watakaolikasirikia. Sisi watu wa pwani na visiwani tuna kunena kwetu. Usiku wa ngoma za rohani, mwanamke ambaye mchana hajui kuhesabu mpaka kumi kwa Kiarabu, anapandisha, anasema "Kiarabu" ambacho Mwarabu hakitambui, na mganga mwenye kofia ya kiua anafasiri na kutaja gharama ya ubani na mawaridi. Kibuki wa Bukini naye akija hunena Kibuki na hutaka brandi. Waislamu hawa, na wengine ni waume wa saff ya mbele, wanalipa. Halafu asubuhi wanamcheka mlokole ambaye walau amekesha akimtaja Mungu bila kunywa! Msikiti umejaa mawaidha ya kulaani mikesha ya makanisa. Mawaidha juu ya ngoma za rohani nayasikia kwa nadra, kwa sababu wenye ngoma ni shangazi zetu.

Tukija kwenye adabu ya dua, tunayo elimu ya kuwapa wenzetu kama tutaitoa kwa upole, na tunayo ya kujipa. Abu Musa al-Ash'ari (RA) amesimulia safari ambayo maswahaba walipaza sauti kwa takbira, Mtume (SAW) akawataka wajihurumie, kwani hawamwombi kiziwi wala aliye mbali. Surat Al-A'raf aya ya 55 imeamrisha kumwomba Mola kwa unyenyekevu na kwa siri. Kipaza sauti kinachotoboa usiku kinapingana na hayo, kikiwa cha kanisa na kikiwa cha kwetu.

Tangu mwaka jana nimeanzisha darasa dogo msikitini kwetu, kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, la maana ya maneno ya swala tu. Hakuna tajwidi na hakuna mabishano ya maulidi, hayo yana madarasa yake. Ninatumia tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ambayo imekaa makabatini kwetu miaka yote hii kama pambo. Al-Fatiha peke yake ilituchukua wiki tatu. Nilitarajia vijana. Wamekuja vijana wanane na akina mama ishirini na kitu, wengi wao watu wazima.

Wiki iliyopita tulifika kwenye maneno tunayoyasema tunapokaa baina ya sijda mbili. Nikaeleza kuwa ni kumuomba Mola msamaha, tena na tena. Bibi mmoja anayekaa nyuma, umri wake umepita sabini, akanyanyua mkono. "Mwanangu," akasema, "kumbe miaka yote hii pale nilikuwa naomba msamaha?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi.

Akakaa kimya akijifuta uso kwa ncha ya mtandio, darasa zima likamsubiri. Kisha akaniuliza Attahiyyatu tutaifikia lini. Nilimwambia Jumamosi hii, inshaallah.